Mguu wa Bandia, na Kwa Nini Mvaaji Asinyamaze

(Hotuba ya karani mmoja mbele ya baraza la wazee, walimu na wazazi, mlimani Kilimanjaro)



Jambo nililoombwa kulieleza ni habari ya mguu wa bandia: jinsi unavyopimwa, unavyovaliwa, na unavyorekebishwa hata ukamfaa mwenyewe. Mimi si mganga wala si fundi. Kazi yangu ni ya kalamu: naandika majina ya wagonjwa wanapoingia karakana, naandika siku waliyopewa ya kurudi, na siku hiyo ikifika naangalia daftari nione nani amekuja na nani hakuja. Kwa hiyo yale nitakayosema juu ya ufundi nimeyapata kwa mafundi wenyewe, kwa kusikiliza na kuuliza. Bali yale nitakayosema juu ya watu nimeyaona kwa macho yangu, mezani pangu.

Labda mtu atauliza moyoni: Habari hii yatuhusu nini sisi wenye miguu miwili? Yatuhusu sana. Motokaa na pikipiki zimekuwa nyingi katika njia zetu. Vijana huanguka kutoka juu ya miti wakikata majani ya ng'ombe. Maradhi ya kisukari yameingia katika nyumba nyingi, na kidonda kidogo cha wayo kikipuuzwa huweza kumfikisha mtu kwenye kisu cha mganga. Mwenye miguu miwili leo hajui ya kesho. Na hata asipopatwa yeye, atapatwa ndugu yake au jirani yake.

Tena, pitieni katika vihamba vyetu mkatazame. Pengine mtakuta mguu wa bandia umetundikwa darini, au umesimama nyuma ya mlango pamoja na majembe, na mwenyewe yuko nje anatembea kwa magongo. Mkiuliza sababu, watu wa nyumbani watajibu neno moja tu: "Ulimshinda." Neno hili ndilo ninalotaka kulipinga leo. Mara nyingi mguu haukumshinda mtu. Ulikuwa bado haujamalizika kutengenezwa, naye akanyamaza.

Sisi wa Kilimanjaro hatuna udhuru wa kutojua mahali pa kwenda. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, iko hapa hapa Moshi. Mwaka 1981 pakaanzishwa palepale chuo cha kufundisha mafundi wa viungo vya bandia, kiitwacho TATCOT, kwa shauri la Serikali yetu na msaada wa Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule. Vijana wa nchi nyingi za Afrika wamekuja kusoma kazi hii Moshi, kisha wakarudi kwao kuwahudumia watu wao. Basi mtu wa mbali huvuka mipaka kwa ajili ya elimu iliyoko chini ya mlima wetu, hali mtu wa Kibosho au Mwika, awezaye kushuka mjini asubuhi na kurudi kwake jioni, hukaa mwaka mzima na mguu unaomuumiza.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu, ili kila mtu ajue inapoanzia.

Kazi haianzi siku ya kupimwa. Huanza mara baada ya mguu kukatwa, na sehemu kubwa yake hufanywa nyumbani. Kile kilichobaki cha mguu huitwa kigutu. Mwanzo kigutu huvimba. Ili uvimbe ushuke na kigutu kipate umbo zuri, hufungwa bendeji ya kuvutika, kwa kupitishwa mshazari, ikikazwa zaidi kwenye ncha na kulegezwa kadiri inavyopanda juu. Ikikazwa juu na kulegezwa chini, ncha huvimba kama boga, na kigutu cha namna hiyo humpa fundi taabu kubwa.

Jambo la pili ni jinsi ya kulala na kukaa. Mama kwa huruma yake humwekea mgonjwa mto laini chini ya goti, ili apumzike. Huruma hii ina madhara. Goti likikaa limekunjwa siku nyingi, kano za nyuma hufupika, na siku ya kuvaa mguu halinyoki tena. Aliyekatwa chini ya goti na anyoshe goti lake kila siku, akiwa amelala na akiwa ameketi. Aliyekatwa juu ya goti na alale kifudifudi kwa muda fulani kila siku, ili nyonga isikunjamane. Mganga ndiye atakayesema kidonda kimepona kiasi cha kupimwa; huchukua majuma kadhaa, na kwa mwenye kisukari pengine zaidi.

Siku ya kupimwa, fundi hukivika kigutu soksi nyembamba, kisha kwa penseli ya rangi hutia alama mahali penye mifupa iliyojitokeza. Halafu hukizungushia kitambaa chenye plasta iliyoloweshwa, ile ambayo ikikauka watu huiita hogo, kama afungwavyo mtu aliyevunjika mkono. Plasta ikikauka huvuliwa, nayo inakuwa kama kibuyu kitupu chenye umbo la kigutu kwa ndani. Ndani yake humiminwa plasta nyingine ya maji maji, na hiyo ikiganda, fundi anacho kigutu cha plasta mezani, chenye alama zote za penseli.

Hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe. Sehemu ya juu ya mguu wa bandia, ambayo kigutu huingia ndani yake, mafundi huiita soketi. Nami nitaiita kikombe ili tuelewane. Mtu asiyejua hudhani kwamba kikombe kizuri ni kile chenye umbo lile lile la kigutu. Sivyo. Mama anayebeba mkungu wa ndizi kichwani haubebi ovyo. Huweka kata, naye ajua mahali pa kuiweka. Kadhalika katika kigutu kuna mahali pawezapo kubeba uzito na mahali pasipoweza. Chini ya pia ya goti kuna ukano mnene, huo hubeba. Nyama za pande mbili za muundi hubeba, na nyama za nyuma husaidia. Lakini ncha ya mfupa haibebi, wala ukingo mkali wa muundi, wala kile kifundo cha mfupa mdogo kilicho upande wa nje chini ya goti. Basi fundi hukwangua plasta mahali anapotaka uzito ukae, na huongeza plasta mahali ambapo mfupa wataka nafasi. Njia hii ya kuuegemeza uzito chini ya pia ya goti ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1950, ikaenea duniani kote.

Kisha huchukuliwa bamba la plastiki ya namna ya polipropilini, hutiwa katika tanuri hata likalainika kama unga uliokandwa, na kutandazwa juu ya kile kigutu cha plasta, huku pampu ikinyonya hewa ili plastiki ishike kila bonde na kila mwinuko. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanza kazi ya kuwarudishia watu viungo mwaka 1979, ndiyo iliyoeneza sana ufundi wa plastiki hii katika nchi zisizo na mali nyingi. Sifa zake ni kwamba ni nyepesi, haiogopi maji, na ikipashwa moto mahali pamoja huweza kusukumwa kidogo nje au ndani. Mshike sana sifa hii ya mwisho. Maana yake ni kwamba kikombe kinachobana mahali fulani pengine huweza kutengenezwa wakati mgonjwa anangoja bencini.

Baada ya kikombe kupatikana, huunganishwa na bomba na wayo, ndipo yaja mapatano kati ya mguu na mwili. Mambo haya hufanywa mara tatu: kwanza mezani, fundi akipima kwa timazi bila mgonjwa, pili mgonjwa akiwa amesimama, tatu akiwa anatembea kati ya vyuma viwili vya kushikilia.

Akisimama, fundi hukaa nyuma yake na kuweka mikono juu ya mifupa miwili ya nyonga, aone kama iko sawa. Mguu ukiwa mrefu, mtu huuzungusha nje kila apigapo hatua, na mgongo humuuma. Ukiwa mfupi, hudidimia upande mmoja kama aliyekanyaga shimo. Akitembea, fundi hutazama goti. Wayo ukitangulia mbele kupita kiasi, goti husukumwa nyuma, na mtu huona kama anapanda kilima hali yuko sakafuni. Ukirudi nyuma kupita kiasi, goti humkunjika ghafula, kama mtu anayeshuka. Ukiwa ndani mno au nje mno, goti huyumba upande. Katika miguu mingi kuna skrubu kati ya kikombe na wayo. Kwa kuilegeza hii na kuikaza ile, fundi huuinamisha mguu kidogo sana, pengine kwa upana wa punje ya ulezi, na mwendo mzima hubadilika.

Lakini fundi aona goti na nyonga tu. Hawezi kuona maumivu. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katika kazi hii nusu ya kipimo iko machoni pa fundi, na nusu iko kinywani mwa mvaaji. Asiposema, fundi anafanya kazi kwa nusu ya kipimo.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa mlimani peke yetu. Sakafu ya karakana ni tambarare, tena kavu. Nyumbani kwetu njia hupanda na kushuka, mfongo hukatiza njia, na wakati wa masika udongo huteleza kama sabuni. Wayo mwingi wa bandia hauna kifundo kikunjikacho kama chetu. Kwa hiyo katika kupanda, goti husukumwa nyuma, na katika kushuka husukumwa mbele. Mtu aliyetembea vizuri Moshi mjini hufika kwake Machame au Rombo akaona mguu umegeuka kuwa adui. Haukugeuka. Haukuambiwa tu kwamba utakaa mlimani. Mwambie fundi wako toka siku ya kwanza: "Nyumba yangu iko juu, njia ni ya mteremko, nachota maji mfongoni, nachuma kahawa." Naye ataupanga mguu akijua hayo, atakufundisha njia ya kwenda.

Njia yenyewe ni hii. Katika kupanda, mguu mzima utangulie. Katika kushuka, mguu wa bandia utangulie. Mahali penye mteremko mkali, mtu asiende kifua mbele, bali aende ubavu ubavu, na mguu mzima uwe upande wa juu siku zote. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Haya si aibu. Hata wenye miguu miwili hushika mkongojo wakati wa masika.

Na viatu je? Wengi hawajui kwamba wayo hupangwa pamoja na kiatu. Ukipimwa na viatu vya kazi, kisha Jumapili ukavaa viatu vyenye visigino virefu zaidi, mwili mzima husukumwa mbele na goti hulegea. Ukivaa ndala zisizo na kisigino, husukumwa nyuma. Basi siku ya kupimwa njoo na kiatu unachovaa siku nyingi. Kama ni buti za mpira za shambani, njoo nazo, fundi hatacheka.

Huko India palikuwa na shida kama hii. Miguu iliyotengenezwa kwa desturi za Ulaya haikuwafaa watu waliozoea kwenda bila viatu, kuchuchumaa, na kufanya kazi katika mashamba yenye maji. Ndipo katika mji wa Jaipur, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi mmoja aitwaye Ram Chandra Sharma na mganga P. K. Sethi wakatengeneza wayo wa mpira wenye sura ya mguu wa mtu, unaopindika na usioharibiwa na maji. Wayo huo umejulikana duniani kwa jina la mji ule. Fikirini: kama wagonjwa wote wa Jaipur wangalisema "Hapana neno, ahsante," nani angalijishughulisha kutafuta wayo mwingine?

Sasa nije kwenye utunzaji wa kila siku. Mguu mpya usivaliwe kutwa nzima siku ya kwanza. Uvaliwe muda mfupi, uvuliwe, na kigutu kitazamwe. Wekundu kidogo mahali panapobeba uzito si kitu, ukiondoka upesi, kwa kadiri ya dakika kumi. Wekundu usioondoka, au ulio juu ya mfupa, au lengelenge, ni dalili ya hatari. Hapo mguu uvuliwe, na mtu arudi kwa fundi. Mwenye kisukari asingoje kusikia maumivu, kwa sababu ugonjwa huo hufisha hisi za ngozi. Huweza kuwa na kidonda naye hana habari. Huyu sharti atumie macho. Achukue kioo kidogo cha kunyolea, atazame chini na nyuma ya kigutu kila jioni, au mtu wa nyumbani amtazamie.

Kigutu hakikai kipimo kimoja. Hupungua kutwa mtu akitembea, na katika mwaka wa kwanza hupungua zaidi na zaidi. Ukiona kigutu kinazama, ncha inagonga chini, au mguu unatoa sauti ya hewa kila hatua, ongeza soksi ya kigutu. Ukiona kinaingia kwa shida, punguza. Lakini soksi zikizidi kuwa nyingi hata kikombe kimejaa nguo, wakati wa soksi umekwisha. Kikombe kipya chahitajiwa. Kigutu kioshwe kwa sabuni jioni, kikaushwe vizuri, na soksi zifuliwe kila siku. Usikioshe asubuhi na kukivika kingali kibichi, kwani ngozi yenye maji huchubuka upesi. Wala usichukue kisu ukakata kikombe mwenyewe, wala usijaze vitambaa na pamba mahali panapouma. Ukiondoa uzito hapa kwa kubahatisha, umeupeleka kule.

Nitaje na jambo ambalo watu hulinong'ona. Aliyekatwa mguu husikia pengine kwamba mguu ule usiokuwapo wamuwasha, au vidole vyake vinabanwa na kuungua. Wengine huogopa, hudhani amerogwa, au kwamba mguu ulizikwa vibaya. Si uchawi wala si wazimu. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipeleka habari za mguu bado ingali katika kigutu, na ubongo ungali na picha ya mguu ule. Ni jambo lijulikanalo kwa waganga, nao wana njia za kulipunguza. Lakini watalipunguzaje wasipoambiwa?

Hapa nafika kwenye shina la maneno yangu. Siku moja alikuja mzee mmoja, mkulima wa kahawa. Nilimwandika jina, akaingia. Fundi, kijana wa umri wa wajukuu wake, akamwamkia: "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." "Mguu unaendeleaje?" "Hapana neno, Mungu akubariki." "Hakuna mahali panapokubana?" "Hapana, hapana. Umefanya kazi kubwa." Basi fundi akamwomba avue tu, atazame. Soksi ilipotoka ilikuwa imegandamana na damu. Fundi akamwuliza kwa upole kwa nini hakusema. Mzee akajibu: "Umenipa mguu. Nikulaumu tena?"

Ndugu zangu, jibu lile ni la mtu aliyelelewa vema. Sisi hatukufundishwa kutia ila zawadi mbele ya aliyeitoa. Tena kuna hofu: mtu huona kwamba akilalamika ataitwa msumbufu, na siku nyingine hatahudumiwa. Lakini adabu ina mahali pake. Fundi hakutoa zawadi. Yuko katikati ya kazi, naye ameuliza swali la kazi. Seremala akija kwako kupachika mlango, akauliza kama unakwama, humwambii haukwami ilhali wakwama. Huhitaji kuchukua jani la sale kwenda kuomba radhi kwa fundi kwa sababu mguu wakuuma. Mficha uchi hazai. Na kidonda cha kigutu kikifichwa huingia ndani, hata pengine ikapasa kukata tena, na waliokuwa na goti wakalikosa. Aliyekatwa juu ya goti huchoka zaidi sana katika kutembea kuliko aliyekatwa chini yake. Basi kule kunyamaza kwa siku chache kwaweza kumgharimu mtu goti lake.

Wala msidhani kwamba kurekebisha ni ishara ya kazi mbovu. Huko Misri, karibu na Luxor, katika makaburi ya kale yalipatikana maiti ya mwanamke, binti wa kuhani, aliyevalishwa kidole gumba cha mguu kilichochongwa kwa mti. Kidole hicho kina umri wa miaka karibu 3,000. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walitangaza kwamba wamekichunguza kwa vyombo vya kisasa, wakaona kilirekebishwa mara kadhaa ili kimkae mwenyewe. Ni kidole tu, wala si mguu mzima. Lakini mwanamke yule alirudi kwa fundi wake, tena na tena, akasema hapa pananibana. Na fundi akakwangua. Ikiwa binti wa kuhani katika Afrika ya zamani hivyo hakuona haya kurudi, kwa nini sisi tuone?

Basi mtu aende akaseme namna gani? Asiseme tu "unauma." Aonyeshe kwa kidole mahali penyewe. Aseme unauma wakati gani: asubuhi au jioni, katika kupanda au kushuka, mara moja au baada ya mwendo wa saa nzima. Aseme amevaa soksi ngapi. Maneno manne ya namna hii yamfaa fundi kuliko shukrani mia. Akina mama nao wasikae nyumbani kwa kuona haya kufunuliwa paja mbele ya mwanamume. Wana haki ya kuja na dada au binti, na kuomba mwanamke awepo chumbani.

Walimu nawaomba wawatazame watoto. Mtoto hukua, bali mguu wa bandia haukui. Mtu mzima huweza kukaa na mguu wake miaka mitatu au zaidi ukitunzwa, lakini mtoto pengine huhitaji kubadilishiwa kila baada ya miezi sita. Mkiona mtoto aliyekuwa akicheza ameacha kucheza, au bega lake moja limeshuka, msimhesabu mvivu. Waiteni wazazi wake.

Najua kizuizi kilichobaki, nacho ni nauli na siku ya kazi inayopotea. Sikidharau. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twachanga kwa arusi, twachanga kwa mazishi, na hakuna ukoo usio na daftari la michango. Katika usharika, katika jumuiya, na msikitini, hatushindwi kumpata wa kumsindikiza mgonjwa siku anapokatwa. Tuchange pia nauli ya kumrudisha kwa fundi mara ya pili na ya tatu, maana katika safari hizo ndipo mguu unapokuwa mguu.

Kwa kumalizia, naomba mwafikishie majirani maneno haya sita:

1. Kigutu kifungwe vema na goti linyoshwe toka siku za kwanza. Mto usiwekwe chini yake.
2. Mwambie fundi unakokaa, kazi unayofanya, na kiatu unachovaa.
3. Tazama kigutu kila jioni. Mwenye kisukari atumie kioo.
4. Kuna wekundu usioondoka au lengelenge? Vua, urudi.
5. Usikate wala usijaze kikombe mwenyewe.
6. Siku uliyoandikiwa kurudi, rudi, hata kama huna maumivu. Na fundi akikuuliza, mjibu kweli.

Yule mzee wa kahawa kikombe chake kilipashwa moto mahali pamoja, akapewa majuma ya kupumzika hata kidonda kikafunga, kisha akauvaa tena. Daftari langu laonyesha kwamba amekuja kila siku aliyoandikiwa tangu hapo. Wako wengine ambao mbele ya majina yao pana nafasi tupu. Hao wako katika vihamba vyenu, nanyi mwawajua kuliko mimi. Waambieni kwamba bado wanangojewa.